Likizo ya Kupiga Mbizi Niliyompangia Mama

Kosa la kwanza ni langu. La pili pia. Ijumaa jioni, mama akisonga fufu na mikono yake yote miwili ikiwa kazini, nilichukua simu yake juu ya frigo. Nikatafuta picha aliyopigwa kwenye ubatizo wa dada yangu mdogo, ile amevaa kitenge cha kijani na uso wa mtu aliyekanyagwa mguu kanisani. Nikamchorea miwani ya kuzamia, mrija mdomoni na samaki mmoja kwenye nywele. Nikaiweka kwenye status yake, na chini yake nikapachika picha ya mpango mzima wa safari kutoka daftari langu. Juu nikaandika: "Familia yetu inaelekea Karibi kupiga mbizi. Mtusamehe, hatutaaga mtu."

Nilicheka peke yangu mpaka dada akaniuliza kama nimemeza kitu. Nikarudisha simu mahali pake, nikala fufu, nikalala vizuri sana. Ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo. Nililala vizuri sana.

Mpango wenyewe ulikuwa wa shule, nisisingiziwe. Shuleni kwetu ninasoma Utalii, somo ambalo watoto wanalichukua wakidhani watapelekwa mahali. Hupelekwi popote. Unakaa kwenye dawati lenye chingamu zilizobandikwa chini yake na kuwapangia watu wengine safari. Muhula huu mwalimu wetu, tunayemwita Mam, alitupa kazi: tumpangie mteja likizo ya kupiga mbizi visiwa vya Karibi. Tuchague kati ya boti na hoteli, tutoe sababu, tuandike vifaa, afya, mafunzo na hati. Mteja awe mtu wa kweli, na tumhoji.

Wenzangu walikwenda kwa majirani zao wenye bwawa la kuogelea. Mimi nilimchagua mwanamke aliyeishi Durban miaka yote hii bila kulowesha magoti. Tukienda baharini sikukuu ya Krismasi, mama anakaa mchangani ameipa bahari mgongo, anaangalia barabara na kulinda mifuko. Ukimuuliza, anasema bahari ameshaiona.

Nilimhoji palepale jikoni, katika fleti yetu ya Berea, siku chache kabla ya ule ujinga.

"Mama, iko njia mbili. Ya kwanza ni boti. Wazamiaji wanalala humo, wanakula humo, wakiamka wanajitupa majini. Wanapanda, wanakula tena, wanajitupa tena. Wiki nzima hawakanyagi nchi kavu."

"Na hao watu walifanya kosa gani?"

"Hawana kosa, mama. Ni likizo. Wanaomba wenyewe."

Aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Wanaomba? Weye, mie nilivuka ziwa Tanganyika ndani ya boti na weye tumboni. Nilitapika kutoka huku mpaka kule. Hakuna mtu aliniambia niko likizo."

"Basi njia ya pili. Hoteli. Unalala nchi kavu, asubuhi unaingia majini ukitaka. Usipotaka, unakaa."

"Hoteli," akasema haraka, kama mtu anayeogopa nafasi itajaa. "Na mlango uwe na funguo."

"Kila hoteli ina funguo, mama."

"Andika tu."

Nikaandika. Na sitajisifu, lakini ile kazi ilikuwa nzuri. Nilieleza kwamba boti inawafaa wale waliozama mara nyingi, kwa sababu inafika kwenye miamba ya mbali ambako hoteli haifiki, na unaweza kuzama mara nne kwa siku. Ila mteja wangu anatapika, binti yake ni mdogo, na wanaoanza wanahitaji ufuko mtulivu wa kuingia kwa miguu. Nilichagua kisiwa ambacho matumbawe yanaanza karibu kabisa na nchi kavu. Nilitaja miezi ya vimbunga. Nilitaja hata kwamba ukitoka kuzama hupandi ndege siku hiyohiyo, kwa sababu hewa iliyoingia mwilini inahitaji muda kutoka. Kwenye vifaa niliandika kwamba mapezi ya miguuni mteja hahitaji kukodi, mwanawe tayari anayo.

Hayo mapezi ni viatu vyangu vya shule. Mama alininunulia vikubwa, vipya, vyeusi, na nimevijaza magazeti kwenye vidole. Nikitembea, korido nzima ya shule inajua: kwap, kwap, kwap. Nilipolalamika alisema mguu wangu utavikuta.

Halafu ikaja mistari mitatu iliyotumaliza. Afya: "Vipimo vya daktari, tayari." Kwa sababu huwezi kuzama bila daktari kukagua kifua na masikio. Mafunzo: "Darasa la maandalizi, linaanza karibuni." Kwa sababu huwezi kuvaa mtungi wa hewa bila kufundishwa. Na hati: "Ziko njiani."

Kwenye huo wa tatu nilidanganya. Hati zetu ni karatasi za ukimbizi, ambazo kila zikikaribia kuisha mama hapati usingizi. Hazitufikishi kisiwa chochote. Sikutaka kuandika hivyo kwenye daftari ambalo mwenzangu wa dawati analisoma bila kuombwa. Nikaandika ziko njiani, nikafunga daftari.

Sasa lazima nieleze kitu, la sivyo utadhani mama zetu wote hawana akili. Watu wetu hapa, Wakongo na Warundi, kila familia ina faili mahali fulani, na kila familia inangoja simu moja: ya kuambiwa kwamba faili limepita na mtapelekwa kuishi Amerika au Kanada. Ikipigwa hiyo simu, mambo yanakwenda kwa mpangilio ambao hata mtoto wa chekechea anaujua. Mnaitwa kwa daktari kupimwa. Mnapelekwa darasani kufundishwa maisha ya huko. Hati zinakuja. Mnapanda ndege.

Na hamsemi. Hamwambii mtu hata mmoja, kwa sababu watu wanaamini neno likitoka kabla ya ndege, faili linaharibika. Familia iliyokuwa ghorofa ya juu yetu ilituaga kwamba inakwenda arusi Pinetown. Walishuka ngazi na sufuria ya wali mikononi. Tulipowaona tena ilikuwa kwenye picha, wamesimama kwenye theluji, na lile koti la baba lilikuwa bado na alama ya duka.

Kwa hiyo mtu akisoma status ya mama yangu, vipimo tayari, darasa linaanza karibuni, hati ziko njiani, hatutaaga mtu, hasomi mzaha. Anasoma habari. Zile miwani na samaki ni kifuniko tu. Eti likizo! Eti Karibi! Watu walisema tumewazidi hata wale wa arusi.

Jumamosi mama aliondoka asubuhi kwenda Isipingo, kwenye saluni iliyo mkabala na stendi ya taxi. Alikuwa na kiti chake pale, kile cha dirishani. Wateja wakishuka taxi wanamuona kabla ya kuuona mlango. Akisuka anaangalia nje, anamjua kila dereva, anasikia kila ugomvi. Kile kiti ndicho kilichotulea, mimi na dada. Mama hana mume wa kumsaidia na hana kazi nyingine. Ana mikono yake na kile kiti.

Saa sita mchana nikasikia funguo mlangoni. Aliingia na mfuko mweusi wa plastiki. Ndani mlikuwa na vitana vyake, pini, kiberiti cha kuunguzia ncha za nywele, na kile kioo kidogo cha kuwaonyesha wateja kisogo.

Hakunipiga. Ningependa sana angenipiga. Alikaa kwenye kochi, akaweka simu mezani, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Njo nini hii?"

"Ni mchezo, mama."

"Mchezo." Akarudia neno hilo kama mtu anayeonja chumvi. "Patroni ameona mchezo. Amelia mbele ya wateja. Amesema tumekula naye sahani moja, na mie namficha. Amesema yule dada alifanya kazi pale kabla yangu alimuacha hivyohivyo, mteja akiwa na nusu kichwa. Nikamwambia ni mtoto. Akasema, kila mtu anayeondoka anasema ni mtoto."

"Na kiti?"

"Amepatia mwengine. Msichana mpya, na mtoto mgongoni."

Patroni ndiye mwenye saluni. Ni mama mnene, mkarimu, mwenye kucha ndefu, ambaye akikupenda anakulisha na akikasirika anakulisha pia, ila bila kukuangalia.

Nikafuta ile status palepale. Nikaweka nyingine: "Samahani, ni uongo, ni mimi mtoto, hatuendi popote." Dakika hiyohiyo simu ikaanza kuimba. Ujumbe wa sauti baada ya ujumbe wa sauti. Shangazi yetu wa Uvira alikuwa analia kwa furaha. Mwingine alisema ameelewa, amefuta alichoona, hatasema, Mungu atutangulie. Mwingine aliuliza kama kule kuna baridi. Nikaandika tena kwamba ni uongo. Wakajibu kwa emoji za kidole kilichofunga mdomo.

"Acha," mama akasema. "Kila unaposema hapana, wanasikia ndiyo."

Jumapili nikapata wazo. Nikajiambia nitasimama wakati wa ushuhuda, nitakiri mbele ya kanisa zima, yatakwisha. Lakini pasta alitangulia. Alifungua ibada akisema, "Wiki hii iko familia moja katikati yetu ambayo Mungu ameikumbuka. Hatutaitaja." Halafu kanisa zima likageuka kutuangalia. Mama aliinamisha kichwa. Watu wakadhani anashukuru.

Nikanyanyua mkono. Pasta akaniona, akaangalia upande mwingine. Nikanyanyua miwili. Akanipa kipaza sauti kwa shida, huku yeye mwenyewe amekishika chini.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina."

"Ile safari ni uongo. Nilitunga mimi. Ilikuwa kazi ya shule."

Halafu mzee mmoja wa mbele akaanza kucheka, na kanisa lote likacheka naye, kwa upendo kabisa. Unajua ni kwa nini? Kwa sababu mwaka uliopita nilisimama palepale nikashuhudia kwamba Mungu ameniponya hesabu. Nilisema niliteswa na hesabu tangu utoto, nikaombewa, sasa sisikii tena chochote mwalimu akiongea. Walicheka wiki nzima. Pasta alinipigia magoti nisirudie. Sasa nilikuwa nimesimama na ukweli mdomoni, na mdomo wenyewe hauaminiki.

"Asante mwanangu," pasta akasema, akivuta kipaza sauti. "Mungu na akufundishe kunyamaza."

"Amina!" Hiyo ilikuwa amina kubwa kuliko zote.

Tulipofika nyumbani tulimkuta mama wa maombi mlangoni. Yeye anaongoza kina mama wanaofunga siku za Jumatano. Aliingia, akasalimu, akamkumbatia mama muda mrefu, halafu akavua kitenge cha mabegani akaanza kulipima nacho kochi letu. Upande huu mpaka ule. Akafunga fundo mahali kochi lilipoishia.

"Mama, unafanya nini?" mama akamuuliza.

"Chérie, mie sitaki kukusumbua siku yenyewe. Nataka kujua kama itapita mlangoni mwangu. Frigo unaweza kupatia yule mama wa Burundi, mie iko nayo."

"Siendi fasi yoyote."

"Najua, najua." Akampapasa mkono. "Huendi. Hata mie ningesema vile."

"Naapa!"

"Usiape, mama. Utatubu bure kule."

Mama akaketi kwenye lile kochi lililokwisha pimwa. Ndipo nilipomuona akilia, bila sauti, machozi yakifuata mistari ya uso wake kama yanaijua njia. Mama wa maombi akamwambia, "Lia tu, kuacha watu ni ngumu." Dada yangu akaja akanong'ona kuniuliza kama kweli tunakwenda, na kama anaweza kubeba baiskeli. Nikamwambia hapana. Na yeye pia hakuniamini. Nilimuona usoni. Alikuwa ameshaanza kuficha siri.

Jumatatu Mam alipita kati ya madawati akisoma kazi zetu na kalamu nyekundu. Kwangu alisimama muda mrefu. Alicheka kwenye mapezi. Alisema sababu za kuchagua hoteli ni nzuri. Halafu alifika kwenye hati, akapiga mstari na kuandika: "Hati haziwezi kuwa njiani. Mteja anazo au hana. Kama hana, hakuna safari. Rudia kazi yote."

"Mteja wako anazo?" akaniuliza.

"Hana, Mam."

"Basi mtafutie likizo anayoweza kwenda."

Shule ilipokwisha sikwenda nyumbani. Nilikwenda Isipingo na daftari langu, nikiwa na hotuba kichwani ambayo nilikuwa nimeisahihisha tangu somo la pili. Kwenye kiti cha dirishani alikuwa amekaa yule msichana mpya, anasuka taratibu sana, ulimi nje kidogo, mtoto wake amelala kwenye kanga chini ya kioo. Nilitaka kumchukia. Alinisalimu "shikamoo" wakati anaelekea kunizidi umri. Nikashindwa.

Patroni alikuwa kwenye kaunta anakula ndizi za kukaanga. Hakuniangalia. Alisukuma sahani upande wangu.

"Kula."

"Patroni, nimekuja kuomba msamaha. Mama hajui kitu. Tazama, ni kazi ya shule, mwalimu ameandika mwenyewe, hapa, kwa nyekundu."

Akasoma. Akageuza ukurasa. "Hata shule mmeiingiza," akasema. "Eish. Nyie mlijipanga vizuri."

Ile hotuba yote ikanitoka kichwani. Nikajaribu kusema neno nikakuta sauti yangu imepanda juu kama ya dada yangu. Nikasema sharp, sawa, asante, nikageuka nitoke kabla sijalia mbele ya wateja. Nikaanza kutembea. Kwap, kwap, kwap.

"Ngoja," Patroni akasema. "Nini hiyo inalia?"

"Viatu."

"Njoo hapa." Akainama kwenye kaunta, akaviangalia. "Ni vya nani?"

"Vyangu."

"Vua kimoja."

Nikavua. Akaingiza kucha zake ndefu, akatoa gazeti moja, la pili, la tatu. Akayaweka juu ya kaunta kando ya ndizi.

"Mama alinunua lini?"

"Mwezi uliopita. Alisema vitanitosha mwakani, na mwaka wa kumaliza shule pia."

Patroni alikishika kile kiatu muda mrefu. Akakigeuza, akaangalia soli.

"Hakuna mama," akasema taratibu, "mwenye ndege inayomngoja, anayenunua viatu vya kuvaliwa hapa mwakani." Kisha akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Kumbe kweli weye ni mjinga tu."

"Ndiyo, Patroni."

"Mjinga kabisa."

"Kabisa."

Alipangusa macho kwa mgongo wa mkono, kwa sababu ya kucha. Nikadhani imekwisha. Nikaangalia kiti cha dirishani, na yeye akaangalia nilikoangalia, na yule msichana akaacha kusuka. Alikuwa amesikia kila kitu. Alimvuta mtoto wake karibu zaidi kwa mguu.

"Huyu siwezi kumtoa," Patroni akasema. "Nimempatia mbele ya watu. Na iko na mtoto. Mwambie mama yako arudi kesho, atakuwa nyuma, kwenye kuosha vichwa. Kukipatikana fasi, tutaona."

Nyuma hakuna dirisha. Kuna beseni la kuoshea nywele, bomba la maji moto, ukuta wa vigae, na taa inayokonyeza. Mtu anayeosha vichwa hapati wateja wake mwenyewe. Anapokea wa wengine, anawakausha, anawarudisha mbele.

Mama alikwenda. Sijui nilitegemea nini, labda angekataa kwa heshima. Alibeba ule mfuko mweusi na vitana vyote, hata vile ambavyo huko nyuma havina kazi. Nilikuwa mezani narudia kazi ya Mam aliporudi jioni, vidole vyake vimekunjamana kwa maji kama vya mtu aliyezama siku nzima. Nilikuwa na mzaha juu ya hivyo vidole. Ulikuja wenyewe mpaka kwenye meno. Niliumeza, na ni wa kwanza kuumeza maishani mwangu.

Alivua viatu. Alikaa kwenye kochi, palepale palipofungwa fundo la kitenge. Aliniangalia nikiandika, akauliza ni nini. Nikasema ni ileile, Mam anataka niirudie, nitafute mahali ambapo mteja anaweza kufika bila hati. Nimeandika Durban, hoteli ya ufukweni, siku mbili, bila kuzama.

Alifumba macho, nikadhani amesinzia. Halafu akasema:

"Andika chumba kiwe na dirisha. Lenye kuangalia barabara."